Muhuri Usiokuwa na Kosa

Mimi ni mchonga mihuri. Kwa miaka ishirini na sita nimekaa kwenye kibanda chenye upana wa mlango mmoja, ubavuni mwa mahakama, nikiwa na wembe, vipande vya mpira, kidau cha wino na lenzi ninayoibana jichoni mpaka imeniachia alama ya duara usoni. Herufi za muhuri huchongwa kinyumenyume. Mke wangu husema akili yangu nayo imezoea kwenda kinyumenyume, na kwa haya nitakayoyasimulia sina hoja ya kumpinga.

Sifa yangu ilikuwa moja tu: sikosei herufi. Wenzangu wana mashamba, wana watoto madaktari. Mimi nilikuwa na tahajia. Ukiniletea jina la duka lako limekosewa, nalirekebisha bila kukuuliza, halafu nakupa na mahubiri juu yake. Wateja walinivumilia kwa sababu mchonga mihuri mwingine alikuwa mbali.

Korona ilipoingia na chanjo ikafika, nilikuwa wa kwanza kwenye foleni mtaani kwetu. Nisijivike kilemba cha ukoka: haukuwa ushujaa, ulikuwa woga. Mimi mafua yakinishika naanza kuhesabu siku zilizobaki. Nilichanja ya kwanza, nikachanja ya pili, nikarudi kwa ile ya kuongeza nguvu. Kisha nikaanza kutembea kifua mbele, nikiwaeleza watu wasioniuliza kwamba mwili wangu sasa ni ngome.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa kinyume changu. Watu wanamwita Tingatinga. Anapakia magari kwenye kiwanda cha magodoro, na siku tulipohama nyumba alibeba kabati letu likiwa na nguo ndani, kwa kuwa hakuwa na subira ya kungoja zitolewe. Hajawahi kulazwa. Habari za chanjo hakutaka hata kuzisikia.

"Shemeji," aliniambia siku moja, "hiki kirusi kinabadilika kila kukicha. Wewe wamekupa kinga ya yule wa mwaka juzi, na yule wa mwaka juzi ameshaondoka. Sasa umechanjwa dhidi ya nani?"

"Hapa hakiingii kitu," nikamjibu, nikajipiga kifua. Nilijipiga kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyofaa, nikakohoa.

Mwezi uliofuata kiwandani kwao likabandikwa tangazo: kila mfanyakazi alete kadi ya chanjo. Tingatinga akaja kibandani saa ya chakula cha mchana, akajaza mlango wote mpaka nikakosa mwanga. Mkononi alikuwa na kadi tupu. Sikumuuliza aliipata wapi.

"Shemeji, wewe kadi yako unayo, wembe unao, mpira unao."

"Huo ni uhalifu," nikasema. "Na hakimu yuko hapo, ukuta kwa ukuta."

"Nani atajua? Si wewe mwenyewe husema mjini hapa hakuna mkono kama wako?"

Hapo ndipo aliponipata. Mtu wa sifa huna haja ya kumhonga. Msifu tu, atakuuliza unataka lini. Nikamwambia arudi jioni.

Nikaweka kadi yangu chini ya lenzi nianze kunakili muhuri wa kituo cha afya. Nilipofika neno la tatu, wembe ukasimama. Aliyechonga muhuri ule alikuwa amekosea. Badala ya AFYA aliandika AYFA. Miezi yote ile nilikuwa nikitembea na kosa mfukoni bila kujua, maana wino ulikuwa umesambaa na mimi nilikuwa nikiitazama kadi kwa kujivuna, si kwa kusoma!

Mtu mwenye akili zake anayeghushi hunakili kila kitu, kosa likiwemo. Mimi nikaandika AFYA. Mkono ulikataa katakata kuchonga upuuzi. Jioni Tingatinga akaondoka na mihuri mitatu kwenye kadi yake, safi, imenyooka, na mimi nikafunga kibanda nikipiga mluzi.

Miezi mitatu ikapita. Tukakutana ukoo mzima sebuleni kwa mama mkwe kupanga harusi ya mpwa wao. Mvua ilikuwa inanyesha, madirisha yamefungwa, na mjomba mmoja pembeni alikuwa akikohoa na kusema ni vumbi tu. Vumbi gani hilo la wakati wa mvua, hakuna aliyeuliza. Redio ilikuwa imeshatangaza kwamba kuna aina mpya ya kirusi, iliyobadilika, inayosambaa kama uvumi. Baada ya siku nne, mimi na Tingatinga tukaamka wagonjwa siku moja.

Sasa naomba niueleze ugonjwa wangu kwa ukweli. Nilikuwa na homa na kikohozi, koo liliwasha na viungo viliniuma. Basi. Lakini ungenisikia! "Chanjo gani hii?" nilimlalamikia mke wangu kutoka chini ya blanketi mbili. "Sindano tatu! Nimedanganywa!" Nikampigia dada yangu kumuaga. Nikaamuru iletwe karatasi niandike wosia, nikaandika kwamba lenzi yangu apewe mtu mwenye tahajia nzuri, na kama hapatikani, nizikwe nayo.

"Una homa," mke wangu akasema, "hufi. Hebu sogea nibadilishe shuka."

Siku ya tatu nikaomba supu. Siku ya tano nikalalamika kwamba supu haina chumvi, na mke wangu akaanika blanketi. Alijua nimepona.

Tingatinga, siku hizo zote, alikuwa akinipigia simu kunicheka. "Unaona, shemeji? Mwenye sindano tatu na asiye na hata moja, wote tunakohoa wimbo mmoja. Tena mimi nimeketi uani naota jua, wewe umelala." Niliona kweli nimetapeliwa.

Siku ya saba akapiga tena. "She..." akasema, akavuta pumzi. "...meji..." Sentensi haikufika. Mke wake akachukua simu. "Midomo yake imebadilika rangi," akasema. "Anakaa wima, hawezi kulala."

Walimfikisha hospitali mchana huo, akawekwa kwenye oksijeni. Mimi sikuruhusiwa kusogea mpaka siku zangu zilipotimia na kipimo kikaonyesha niko safi. Nilipokwenda na mke wangu, tumevaa barakoa, tulisimamishwa kwenye korido ya wodi. Kupitia kioo cha mlango nilimwona. Yule mtu aliyebeba kabati na nguo zake alikuwa akibeba kifua chake mwenyewe, juu, chini, juu, chini, na hakuwa na nguvu ya kazi nyingine.

Muuguzi mkuu wa wodi akatoka. Wote walimwita Sista. Mama mfupi, miwani imefungwa kwa uzi upande mmoja, na mkononi ana kadi.

"Ninyi ndio ndugu zake? Kadi hii inasema amechanjwa mara tatu. Mtu wa miaka arobaini na mbili, hana kisukari, hana shinikizo la damu. Aliyechanjwa anaweza kuzidiwa hivi, nimewaona, lakini kwa mtu wa aina yake si kawaida. Daktari anajiuliza kama kuna ugonjwa mwingine umejificha, autafute."

"Alichanja," mke wangu akasema. "Kadi alinionyesha mwenyewe."

Natamani niseme kwamba nilisema ukweli papo hapo. Sikusema. Niliomba kwenda msalani. Nikanawa mikono mara mbili, nikajitazama kwenye kioo, nikapiga hesabu ya jela. Kisha nikamfikiria daktari akitafuta ndani ya mwili wa shemeji yangu ugonjwa usiokuwepo, kwa sababu ya kipande cha mpira nilichokichonga mimi. Nikarudi.

"Sista, hiyo kadi ni ya uongo. Hajachanjwa hata mara moja. Mihuri ni kazi ya mikono yangu."

Mke wangu alinigeukia taratibu sana. Sitalieleza jicho lile. Nyumbani bado naliona.

"Najua," Sista akasema.

"Unajua?"

"Jumanne na Alhamisi mimi ndiye ninayechanja kwenye kituo hicho. Muhuri wetu umeandikwa AYFA. Tumeomba mwingine, bado tunangoja. Huu wako umeandikwa vizuri." Akaisogeza kadi karibu na miwani. "Vizuri sana, kusema kweli. Nilikuwa nangoja kuona nani kati yenu atakuwa na adabu ya kuniambia."

Nimekuwa nikijisifu maisha yangu yote kwa kutokosea herufi, na hapo ndipo niliponaswa.

Mtu mwingine angenyamaza. Mimi, badala yake, nikaanza kujitetea. "Lakini Sista, hata mimi niliyechanjwa nimeugua. Kirusi kimeshabadilika. Pengine hata angechanjwa ingekuwa vilevile."

"Uliugua vipi wewe?"

Nikafungua mdomo. Mke wangu akanitangulia. "Aliandika wosia, Sista. Halafu akadai chumvi."

Sista hakucheka. Alituketisha kwenye benchi. "Kuna kuambukizwa na kuna kuzidiwa," akasema. "Kirusi kikibadilika, kinaweza kuiponyoka ile kinga ya haraka, ile inayokizuia kabisa kisikushike. Tena kinga hiyo hushuka kadiri miezi inavyopita. Ndiyo maana na wewe ulishikwa. Lakini mwili uliofundishwa hausahau kila kitu. Kuna sehemu za kirusi ambazo hazijabadilika sana, na mwili unazitambua, unaanza kupigana mapema kabla mapafu hayajaharibika. Kinga hiyo ya kukuepusha na kitanda kile hudumu zaidi. Haidumu milele, wala si ya asilimia mia. Wazee na wenye maradhi mengine tunawaita warudie. Chanjo hazijawahi kukuahidi kwamba hutakohoa. Hiyo ahadi ulijipa mwenyewe."

Nilikumbuka nilivyojipiga kifua. Kumbe mimi na shemeji tulikuwa na kosa moja, kila mmoja na upande wake: mimi nilidhani chanjo ni ukuta, yeye alidhani kwa kuwa si ukuta, basi si kitu.

"Na yeye?" mke wangu akauliza. "Atapona?"

"Tunapigana," Sista akasema, akarudi ndani.

Baada ya hapo alikaa siku tisa nyingine kwenye oksijeni. Siku tisa hizo mke wangu alizungumza nami kupitia watoto. "Mwambieni baba yenu chakula kiko mezani." Nilikuwa nimeketi mezani hapo hapo. Kila asubuhi nilipeleka nguo safi hospitali na kila asubuhi nilimtazama kupitia kioo. Usiku wa nne walitaka kumhamishia kwenye mashine ya kupumulia; asubuhi akawa nafuu kidogo, wakaahirisha. Sijawahi kumshukuru Mungu kwa neno "kuahirisha" kama siku ile.

Muhuri niliukabidhi kwa Sista. Niliandika maelezo, nikayapeleka mwenyewe kwenye ofisi ya leseni, na wakanifungia kazi ya mihuri kwa miezi sita. Kiwandani Tingatinga alipewa onyo kali na kusimamishwa kazi, akarudishwa baadaye kwa kuwa hakuna mwingine anayeweza kupakia kama yeye, japo wakati huo hata yeye hakuweza. Mimi miezi hiyo nilichonga majina kwenye vikombe vya michezo vya shule. Waliopita kutoka mahakamani walinisalimia kwa heshima iliyozidi, ile heshima ya kukucheka.

Alipotoka hospitali alikuja kwetu. Nyumba yetu ina ngazi tatu. Alipumzika kwenye ya pili.

"Shemeji," akasema alipoketi, "nataka nikwambie kitu, lakini dada asisikie."

Mke wangu alikuwa jikoni, mlango wazi. Anasikia hata ninachofikiri.

"Yale maneno ya kirusi kubadilika," akasema, "niliyasikia tu, nikayashika kwa sababu yalinifaa. Ukweli ni kwamba naogopa sindano. Tangu utotoni. Nikiiona, natafuta mlango."

Jikoni kikaanguka kifuniko, kisha kikafuata kicheko. Kilikuwa kicheko cha kwanza nyumbani mwangu kwa muda mrefu, nami nikakipokea, ingawa nusu yake ilikuwa ya kunicheka mimi.

Sista alimwambia angoje apate nguvu kwanza. Muda ulipofika, tulikwenda kituoni pamoja Alhamisi moja. Mimi nilikuwa nadaiwa dozi ya kurudia, maana umri wangu nao umeshaingia kwenye orodha ya wanaoitwa. Watu walikuwa wamejaa benchi mbili. Tingatinga akakaa kitini, akafumba macho, akaomba nimshike mkono. Nikampa wa kulia, ule wa kazi.

Sista akachoma. Tingatinga hakutoa sauti hata kidogo. Aliminya tu. Vidole vyangu vinne vikagandana kuwa kimoja, na mimi ndiye niliyepiga yowe, yowe lililosikika mpaka barabarani. Kina mama wawili kwenye benchi wakanyanyuka, wakachukua mikoba yao, wakatoka mbio.

"Rudini!" Sista akawafuata mpaka getini, bomba la sindano mkononi, jambo ambalo halikusaidia. "Si yeye aliyechomwa! Rudini, huyo ni mchonga mihuri tu!"