Mbuzi wa Bibi Zaina Katikati ya Wimbo wa Mwavuli

Enzi zetu wimbo ulikuwa kitu cha kushika mkononi. Ulikuwa na uzito, ulikuwa na pande mbili, na ukitaka kuurudisha nyuma bila kumaliza betri ulichomeka kalamu ya biki kwenye tundu la kaseti ukazungusha mpaka mkono ukuume. Wenzangu mliokulia Kigali miaka ile ya tisini na moja, tisini na mbili, mnanielewa. Betri zikichoka hatukuzitupa. Tulizianika juu ya bati pamoja na mihogo, na jioni zilitupa nyimbo mbili zaidi. Watoto wa leo simu ikibaki na chaji kidogo wanapiga mayowe kama wameibiwa.

Naandika haya nikiwa na haki ya kuyaandika. Nina diploma ya elektroniki niliyoisomea Tanzania kwa jasho langu, nikikaanga maandazi alfajiri na kukimbilia darasani nikinuka mafuta. Nilirudi Kigali na begi moja lenye zipu mbovu. Leo nina duka la vyombo vya muziki karibu na Sonatubes, nina nyumba Niboye yenye geti la chuma, na harusi nyingi mnazozisikia upande huu wa Kicukiro mnazisikia kwa spika zangu. Sijivuni, natoa taarifa. Lakini kazi yangu ya kwanza ya ufundi niliifanya Nyakabanda nikiwa na miaka kumi, bila diploma yoyote, kwa kisu cha jikoni na selotepu. Mpaka leo sijafanya nyingine iliyoipita.

Nyakabanda yetu ilikuwa na harufu ya sambusa, moshi wa makaa na vumbi jekundu likishaguswa na mvua. Wasichana tuliruka kamba nyuma ya duka la baba, wavulana walicheza mpira wa majani ya migomba ambao ukikupiga mgongoni unalala kifudifudi. Mama alikuwa na sheria mbili tu: magharibi ikukute ndani ya nyumba, na usiguse kaseti ya mjomba.

Mjomba Rajabu alikuwa kaka yake mama. Mchana alishona suruali kwenye baraza letu, Jumamosi alipiga gitaa kwenye maharusi. Alikuwa mwembamba, mwenye maringo, na alikuwa na wivu na nyimbo zake kama mume. Ukimwimbia wimbo wake ukakosea neno moja, anazima cherehani na kukufundisha mbele ya wateja.

Mwaka wa tisini na mbili alitunga wimbo wa mwavuli. Ulikuwa na beti tatu. Katika wa kwanza bwana mkubwa ananunua mwavuli wakati jua linawaka. Katika wa pili mvua inanyesha na nyumba za majirani zinavuja. Katika wa tatu majirani wanamlilia, naye anatoa uso chini ya mwavuli na kuuliza, "Mvua gani? Mimi sioni mvua." Hapo gitaa lilikuwa linacheka kabisa, naapa.

Aliurekodi sebuleni kwetu, mablanketi yakiwa yamefunika madirisha ili mbwa wa jirani asiingie katika muziki. Kaseti ilikuwa moja tu. Upande wake wa pili ulikuwa tayari na kazi nyingine, maana siku zile watu walitumiana barua za sauti, na Bibi Zaina, mama yake baba, alikuwa ameongea humo salamu kwa ndugu zake wa Bujumbura. Msafiri wa kuipeleka hakupatikana, kaseti ikabaki kabatini, mjomba akaugeuza upande uliokuwa mtupu akaimba. Kwa hiyo upande mmoja kulikuwa na mwavuli, upande mwingine bibi yangu akiulizia afya za watu.

Sasa, mtaani kwetu kulikuwa na mkubwa mmoja. Jina silitaji, kwa sababu wajukuu zake ni wateja wangu. Sisi tulimwita Bwana Mwavuli, kwa kuwa alikuwa na mwavuli mweusi wenye mpini wa mbao na alitembea nao hata kiangazi. Mjomba aliapa kwamba hakumfikiria yeye. Pengine ni kweli. Lakini tangu vita vilipoanza mwaka wa tisini wakubwa walikuwa na masikio marefu, na kuna watu waliojipatia ulaji kwa kubeba maneno. Mmoja wao alimpelekea habari: wewe unaimbwa.

Walikuja watu wawili saa za adhuhuri. Mmoja alitoa kaseti kwenye redio, akavuta utepe wote nje kama anayetoa utumbo wa kuku, kisha akachukua mkasi wa mjomba mwenyewe, ule wa kukatia vitambaa, akaukata vipande. Kwa fundi cherehani hilo lilikuwa tusi la pili. Wakaondoka naye.

Alirudi baada ya wiki tatu, amekonda zaidi, amesaini karatasi kwamba wimbo ule hatauimba tena popote. Alitundika gitaa ukutani, akalifunika kwa shuka, akarudi kwenye suruali zake. Watoto tukimwomba atuimbie hata wimbo wa kuku, anasema, "Nimesahau." Mtu aliyekuwa akizima cherehani kwa neno moja! Mama alikuwa akimtazama anavyoshona kimya, kisha anaingia jikoni na kukaa huko muda mrefu kuliko chakula kilivyohitaji.

Mimi nilikuwa mtoto, sikujua siasa. Nilichojua ni kwamba mjomba amesahau wimbo wake na kwamba wimbo umo ndani ya ule utepe. Basi niutafute.

Ganda la kaseti nililiokota siku ile ile. Utepe wenyewe ulikuwa umeshagawanywa na mtaa. Kipande kimoja rafiki yangu Hadija alikuwa amekifanya nywele za mwanasesere wake wa gunzi la mahindi, amekisuka mikia miwili. Nilimpa bangili yangu ya plastiki akakisukua huku analia. Cha pili kilikuwa kimefungwa kwenye vijiti katika maharage ya mama yake Hadija, kinapepea na kufukuza ndege. Cha tatu kilipamba mpini wa baiskeli ya kaka yake. Cha nne sikukipata kamwe.

Nilifungua ganda kwa ncha ya kisu, nikapangusa utepe kwa kanga, nikaunga vipande kwa selotepu ya dukani kwa baba, nikakata pembeni kwa wembe. Siku tatu. Kipi kinatangulia, sikujua, utepe wa kaseti hauna namba za ukurasa. Nikazungusha kwa biki, nikaweka betri zilizokaa juani, nikabonyeza.

Kwanza ilinyesha mvua, ubeti wa pili. Halafu ghafla, badala ya mjomba, akaingia Bibi Zaina kwa sauti ya kugombana: "Na ile mbuzi yangu, iko hai ao mulishaikula?" Kisha gitaa, na bwana mkubwa akaenda kununua mwavuli. Basi.

Leo naweza kuwaeleza kitaalamu. Kile kipande cha baiskeli nilikiunga kichwa kikiwa mkiani, na utepe ukigeuzwa hivyo unasoma upande wa pili. Ubeti wa tatu, ule wenye mwiba, ulikuwa katika kipande kilichopotea. Lakini wakati ule mimi na Hadija tulidhani ndivyo wimbo ulivyo. Tukaufundisha kwenye kamba. Ukifika kwenye mbuzi, anayeruka anasimama, wote mnapiga kelele "iko hai ao mulishaikula?", na akicheka ametoka. Ndani ya mwezi mmoja akina mama walifua nao nguo. Bibi Zaina, ambaye maishani hakuwahi kuimba hata kwenye maulidi, akawa anaulizwa njiani habari za mbuzi. Alijifanya kukasirika. Alianza kupaka wanja.

Na Bwana Mwavuli? Yeye wimbo halisi hakuwahi kuusikia, aliusimuliwa tu. Siku moja alisimama karibu na kamba yetu, mwavuli kichwani.

"Munaimba nini, bana?"

"Wimbo wa mbuzi wa bibi, mzee."

Akasikiliza mpaka mwisho. Mvua imenyesha, mtu mmoja mwenye akili amenunua mwavuli. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Iko wimbo mzuri," akasema, akaenda zake.

Mwaka uliofuata aliolewa binti wa shangazi, na Bwana Mwavuli alialikwa kwa sababu kutomwalika kulikuwa na gharama kubwa kuliko pilau. Akaketi mbele, mwavuli katikati ya magoti. Mjomba alikaa karibu na mlango wa jikoni. Akina mama wakaanza ngoma, wakaimba hiki na kile, na kabla mtu hajafikiri wakaingia: mvua imenyesha.

Nilimwona mjomba akiinua kichwa. Alikuwa hajawahi kuusikia, maana mbele yake mama alikataza usiimbwe, asije akaumia. Alisikiliza mvua. Walipofika kwenye mbuzi, uso wake ulikuwa wa mtu aliyevalishwa suruali ya mwingine. Walipomnunulia bwana mkubwa mwavuli mwishoni, alisimama.

"Hapana! Hapana, mama zangu! Nani amewafundisha uchafu huu? Mwavuli inatangulia!"

"Rajabu, kaa," alisema mama.

"Yewe, Rajabu," alijibu mama yake Hadija, ngoma mapajani, "mvua ndiyo inatangulia! Nani ananunua mwavuli jua likiwaka? Wewe?"

Ukumbi ukacheka, na Bwana Mwavuli naye akacheka. Mjomba alikuwa amestahimili wiki tatu za kufungiwa, lakini wimbo wake kupangwa kinyumenyume hakuweza. Alinyang'anya gitaa la mwanamuziki aliyekodiwa. Akaanza ubeti wa kwanza kama ulivyo. Sauti ilikuwa inakwaruza kidogo, lakini ilikuwa ile ile. Mwaka mzima hatukuwa tumeisikia. Mama alianza kulia, kisha nikaona machozi yake yamesimama na macho yamekwenda kwa yule mgeni wa mbele. Mjomba akaingia ubeti wa pili. Bwana Mwavuli aliacha kutafuna. Nilianza kuelewa, mimi mtoto wa miaka kumi na moja mwenye gauni la kukwaruza, kwamba baada ya mvua ile kulikuwa na kitu ambacho kipande changu kilichopotea kilitufichia. Mjomba akavuta pumzi ya kuingia ubeti wa tatu.

Nikapanda juu ya kiti nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Na ile mbuzi yangu!"

Ukumbi mzima ukaitikia: "Iko hai ao mulishaikulaaa?"

Mjomba akanitazama mimi juu ya kiti, akamtazama mama, mwisho akautazama ule mwavuli katikati ya magoti. Vidole vyake vikabaki vimening'inia juu ya nyuzi. Kisha akaanza kucheka, akachekea mle mle ndani ya gitaa, akapiga wimbo upya kwa mpangilio wangu. Mvua, mbuzi, mwavuli. Aliupiga mara nne. Mara ya tatu Bwana Mwavuli aliinuka kucheza.

Tulipofika nyumbani mjomba alinivuta sikio, si kwa nguvu. "Fundi mbovu wewe," akasema. "Umeniharibia wimbo." Asubuhi iliyofuata shuka haikuwa tena juu ya gitaa.

Miezi michache baadaye baba alituhamishia Tanzania kwa ndugu zake. Mjomba alibaki na cherehani yake. Sikumwona tena. Ya mwaka wa tisini na nne siyaandiki hapa, mnayajua, na hakuna wimbo unaoyatosha.

Baadaye nimesoma kwamba duniani kote kuna wanamuziki wanaofungwa kwa sababu ya ubeti mmoja, na kuna watu wema wanaokutana kwenye hoteli kubwa kuwatetea. Nawaunga mkono. Wakinialika nitakuja, na spika nitaleta zangu. Nitawaambia tu kwamba enzi zetu kazi hiyo tuliifanya kwa kamba ya kuruka. Vijana wa leo wana nyimbo elfu moja ndani ya simu na hawajui hata mmoja mpaka mwisho. Mmoja ukifutwa, wanapakua mwingine. Hakuna aliyewahi kumsukua mwanasesere nywele kwa ajili ya wimbo.

Mwezi uliopita nilikuwa na kazi ya harusi hapa Niboye. Nyuma ya ukumbi, kwenye meza ya wazee, wanawake wanne walianza kuimba. Zamani ulikuwa ukumbi mzima, sasa wanne. Mvua ikanyesha. Maikrofoni moja ilikuwa imesahaulika wazi karibu nao. Diane, fundi wangu, msichana hodari mwenye cheti chake, akanigeukia mkono ukiwa tayari kwenye kitufe.

"Mama, kule kuna wamama wanaongea mambo ya mbuzi. Nikate?"

Nilimshika mkono kabla hajagusa.

"Ongeza," nikamwambia.