Damu ya Upande wa Mama

Mjomba wangu, kaka yake mama, aliugua akiwa na miaka ishirini hivi. Alikuwa akisuka mgono wa kuvulia samaki, ghafla akaanza kubishana na mtu ambaye sisi hatukumwona. Bibi, mzaa mama, alisema amerogwa kwa sababu ya shamba. Baba alisema ni homa iliyopanda kichwani. Mimi, niliyekuwa mdadisi mpaka kero, nilimwuliza bibi kama kuna mwingine aliyewahi kuwa hivyo. Akasita, akamtaja dada yake, aliyekufa kabla sijazaliwa. Nikauliza huyo naye alirogwa na nani. Nikafukuzwa jikoni.

Miaka ya hamsini nilichumbiwa na kijana wa Kiberege. Mama yake mdogo akatumwa kwetu Mofu kutuchunguza, kama ilivyokuwa desturi. Alijifanya anatafuta mbegu ya mpunga, ingawa kijiji kizima kilijua kilichomleta. Kwa siku tatu alipita nyumba kwa nyumba akiulizia ukoo wa baba yangu: una kifafa, una ukoma, una wendawazimu? Akajibiwa hauna, na ilikuwa kweli. Upande wa mama hakuugusa, maana kwao na kwetu ukoo ulikuwa wa baba. Hata hivyo wazazi wangu walikuwa wamempeleka mjomba kambi ya wavuvi ng'ambo ya mto.

Ningenyamaza tu, harusi ingepita. Na yule kijana nilimpenda, sifichi. Lakini swali lilikuwa linaniwasha: damu yenyewe inajuaje kwamba ukoo ni wa baba? Macho yangu ni ya mama, hata vidole. Nilipomsindikiza mgeni kuelekea Ifakara nikamweleza habari za mjomba na za dada yake bibi.

Akatua kapu lake la mbegu.

"Mwanangu, funga mdomo," akasema. "Tukianza kuuliza upande wa mama, mchumba wako naye hatapata mke. Mimi na mama yake tuna kaka yetu. Wageni wakija tunamfungia ndani."

Tukaoana, tukapata watoto wanne. Kila mmoja alipokaribia miaka ishirini nilikuwa nikisimama nje ya dirisha lake, nikisikiliza kama anaimba au anamjibu mtu.

Wa tatu hakuwa anaimba. Mume wangu aliponiuliza ugonjwa ule umetoka wapi, nilimkalisha chini, nikamwambia yote niliyokubali kuyanyamazia ili anioe.