Kuku Walioatamia Viazi

Boksi la vifaranga lina harufu yake: karatasi ngumu iliyolowa kidogo, manyoya mapya, na joto la viumbe wengi waliobanana. Nifunge macho unipitishe stendi ya Tunduma, penye moshi wa dizeli na mahindi ya kuchoma, harufu hiyo nitaikamata tu. Katika mji huu hakuna anayenizidi kwa kuku, nasema bila aibu, na shule niliishia darasa la nne. Lakini mara ya kwanza kuisikia harufu hiyo nilikuwa na miaka kumi, na nyumba yetu ilikuwa imebakiza uzi mmoja kukatika.

Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mama, mtu wa Ikinga huko milimani Ileje, alibaki na sisi watoto watatu, kiwanja cha ukoo wa baba, na baiskeli. Baiskeli akaiuza, akampa kondakta wa basi hela apeleke oda ya vifaranga sitini wa mayai kwenye kiwanda cha kutotolesha, mbali huko. Baba mdogo, ambaye baiskeli ile alishaihesabu kuwa yake, alikuja akasimama mlangoni. “Shemeji,” alisema, “hao kuku wakikushinda, utarudi kwenu Ikinga. Kiwanja hiki nina matumizi nacho.” Mama akamkaribisha uji.

Kwa mama, kifaranga asiye na mama hafundishiki hata kula. Habari za kuwalea kwa taa na jiko la mkaa alizisikia, akazikataa. Alizunguka kwa majirani akaazima kuku watano wa kienyeji waliokuwa wanataka kuatamia, kila mmoja akamfunga kitambaa cha rangi yake ili wenye kuku wasije wakagombana. Si wanasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mpango wake ulikuwa huu: vifaranga wafike Alhamisi, giza likianza kuingia awasukumie chini ya mbawa, asubuhi kuku waamke wakiamini wametotoa wenyewe. Ili wasinyanyuke kabla ya wakati, na mayai hatukuwa nayo, aliwawekea viazi mviringo vidogo vidogo.

Alhamisi ilifika, vifaranga hawakufika. Kondakta alisema mayai hayakuanguliwa vizuri, tusubiri wiki ijayo. Wiki iliyofuata akasema waliokuwepo wamepewa watu wa mbele yetu. Kila basi lilipoingia nilikuwa stendi na tenga langu, mpaka wapiga debe wakanibatiza Baba Vifaranga. Nyumbani kuku walikonda, mama akiwalisha pumba kwa kiganja na kuwanywesha maji kwa kifuniko cha sufuria. Siku moja akamwinua mmoja, akakuta viazi vimeota. Mama Neema, jirani yetu, alicheka mpaka akashika ukuta, akasema safari hii tutatotoa chipsi. Mama naye akacheka, akayang’oa machipukizi, akavirudisha viazi mahali pake. Nikamuuliza kwa nini asiache tu, yaishe.

“Kuku hajaondoka, mwanangu,” alisema. “Niondoke mimi?”

Wiki ya tatu, Jumapili, watu wakiwa kanisani, boksi likashushwa bila taarifa. Nililibeba kichwani, milio yao ikinitetemesha utosi. Tulipofungua, mama alikaa chini. Tulitegemea vifaranga wa njano, hao walikuwa weusi tii, kila mmoja na doa jeupe kichwani, na badala ya sitini walikuwa sabini. Baba mdogo akasema tumeletewa kunguru. Jioni tukawasukumia mbawani, kumi na wanne kwa kila kuku, mkono wangu ukihisi jinsi vifua vya wale kuku vilivyokuwa vya moto. Kelele ikapungua, ikapungua, ikabaki mnong’ono. Hakuna kifaranga aliyekataliwa.

Doa lile, nilikuja kujua baadaye sana, lilikuwa alama ya jogoo. Wote walikuwa majogoo, bwana, hata yai moja lisingetoka pale. Kuku wa watu walirudi kwao, kila mmoja na jogoo wa shukrani, na waliobaki wakaanza kuwika alfajiri mpaka mtaa ukakosa usingizi. Baba mdogo akaja kuuliza mayai yako wapi. Mama alikuwa bado anammiminia uji, dereva wa lori aliyekwama siku ya sita kwenye foleni ya mpaka akaingia uani akifuata milio. “Mama, mnauza majogoo hapa?” aliuliza. “Kule barabarani tuko wengi, na tuna njaa.” Mwezi haukuisha mama akawa anawachemshia jogoo madereva wa foleni nzima, na watu wa Nakonde, upande wa Zambia, wakawa wanavuka kumfuata. Kiwanja hatukuhama. Baba mdogo alizoea kuja kula paja, mama akimwekea kiti.

Leo nina mabanda saba, taa za umeme, na kiwanda hunitumia ujumbe kabla boksi halijapanda basi. Hata hivyo wiki iliyopita walichelewa siku mbili, vijana wangu wakataka nipige simu nitukane. Nikachukua kiti nikaenda kukaa stendi. Watu huniuliza nilianza na nini, nami hujibu kwa sauti kwamba nilianza na mikono mitupu. Si kweli. Nilianza na kuku watano wa kuazima, na mama aliyekuwa akiving’oa viazi machipukizi na kuvirudisha chini ya kuku.