Mama mkwe na tanzia isiyo yake

Leo nimemfisha mama mkwe, naye yuko jikoni anakuna nazi.

Wifi yangu aliunganisha tovuti yangu ya keki na matangazo ya mji, yawe yanajileta yenyewe.
Asubuhi likaja la msiba: "Mama yetu ametutoka."
Likatua juu ya picha ya mama mkwe ameshika keki!

Saa nne, kina mama mlangoni. Kanga vichwani, mchele mikononi, wanalia.
Mama mkwe akatoka. "Kafa nani?" Wakamwonyesha tangazo kwenye simu.

Nikajua leo narudishwa kwetu Kiwangwa.

Akawaangalia mmoja mmoja.
"Zuhura, jirani yangu wa ukuta mmoja, hajaja?"
"Hajaja, bibie."
"Mchele uacheni. Na wewe mkwe, hilo tangazo usilitoe mpaka jioni. Nataka nimwone Zuhura akija kunililia."

Jamani, nilitoe au nisubiri?