Alama za Bibi

Mtafiti wa kumbukumbu hutafuna vifuniko vya kalamu na kugombana na kompyuta kama mke mwenza. Huwatumia watu tarakimu kwenye simu. Zinaonekana, zinatoweka, nao wanatakiwa waziandike kinyumenyume. Juzi bibi kizee alipata zote, akawabwaga wanafunzi wa chuo. Mtafiti akampigia kwa video, akamwomba arudie.

“Saba! Mbili! Tisa!” wajukuu wakapayuka nyuma ya kochi.

“Bibi, ulitakiwa ufanye peke yako.”

“Peke yangu? Sasa wazazi wa hawa niliwazaa wa nini, mwanangu?”

Mtafiti aliziba mdomo asicheke, na kwa mkono mwingine akafuta alama bora kuliko zote alizowahi kurekodi.

“Haya, nimefaulu?”

“Mmefaulu, Bibi.”