Vidonge Vimeninenepesha, Kijiji Kinaniita Kupe

Daktari wa Bukoba ameniambia juzi kwamba ningechelewa kidogo ningekufa, na kwamba ambacho kingeniua si saratani bali kuacha vidonge ghafla.

Ndugu wasomaji, jina langu na la kijiji yafichwe. Nina miaka thelathini na minne, mama wa watoto wanne, mkulima upande wa Nshamba. Naugua saratani ya tezi. Natibiwa kwa sindano pamoja na vidonge vya prednisoloni. Uvimbe wa shingo umepungua, lakini vidonge vina mambo yao. Silali. Njaa hainiachi, namaliza ndizi za watu wawili na bado naitazama sufuria. Uso umevimba ukawa mviringo, hata mwanangu wa mwisho ananiminya mashavu akicheka.

Kwetu aliyenenepa amepona. Wanawake waliokuwa wakienda shamba la kijiji walinitania, "Ma, hiyo saratani inagawiwa wapi? Na sisi tunataka mashavu!" Mwanzoni nilicheka nao. Kisha mwenyekiti wa kijiji akasema nakwepa kazi za ujamaa. Nikampa cheti cha daktari. Akakirudisha. "Karatasi haina macho, mama. Sisi tunayo. Kijiji hiki hakilishi kupe."

Mume wangu aliumia kuliko mimi. "Acha vidonge kidogo," aliniambia. "Ukikonda watakuamini." Nilikuwa nimechoka kutukanwa, nikaacha. Wiki haikuisha, nikatapika na kuzirai kwenye kibanja, katikati ya migomba. Akanibeba hadi barabarani kutafuta gari.

Daktari alitufokea wote wawili. Alisema mwili uliozoea vidonge hivyo husahau kujitengenezea nguvu yake. Vitapunguzwa polepole, na atakayevipunguza ni yeye.

Nimerudi kuvimeza, na mashavu yako palepale. Sasa nimeitwa kwenye mkutano wa kijiji nijieleze kwa nini siendi kazini. Mume wangu anasema, "Mkutanoni usiende. Nitasema umezidiwa." Sitaki kusemewa uongo wakati ukweli ninao. Mwili wangu una ushahidi mmoja tu: vidonge hivyohivyo vimekula nyama ya mapaja, yamebaki mifupa. Lakini nitayafunuaje mbele ya baba mkwe, anayeketi mstari wa mbele?

Nielekezeni, ndugu zangu: nikae nyumbani niitwe kupe, au niende nivunje heshima? Mkutano wa kijiji ni Jumamosi, saa nne asubuhi.