Pete ya Bi Shukri na Kilemba cha Delhi

Bi Shukri wa Kuze, mtaa wa Mji wa Kale wa Mombasa, muuza mahamri, ana maneno ya kumtoa nyoka pangoni, na adabu zake ndizo zilizomponza. Siku ya Idi alimwalika Mwikali, karani wa bandarini anayenunua mahamri kwake kila asubuhi. Walipokwisha kula, Mwikali akaisifu pete ya mwenyeji wake, yenye kijialmasi mfano wa punje ya mtama, aliyoachiwa na marehemu mamake.

"Twaa, dada, ni yako," akasema Bi Shukri, akiivua.

Ndivyo wasemavyo watu wa Mji wa Kale kitu chao kikisifiwa. Mgeni naye hujibu, "Yakupendeza wewe zaidi," na mambo yakaisha hapo. Lakini Mwikali ni mtu wa Machakos, na kwao ukipewa unapokea. Akaivaa, akamkumbatia, na Bi Shukri akabaki kutabasamu kama mwenye jino bovu.

Tangu hapo hakuwa na raha. Kuidai ni aibu, kuiacha ni kumzika mamake mara ya pili. Mwisho akafanya wafanyavyo wa kwao wakiwa na zito moyoni: akajitanda buibui, akaenda kwa Mwikali huko Mbaraki kusema kwa mafumbo.

Chai ilipoletwa, akaanza kusimulia habari za Kohinuri, ile almasi ambayo leo imo katika taji la malkia kule London. Inasimuliwa kuwa mfalme wa Delhi aliificha ndani ya kilemba chake. Nadir Shah wa Uajemi, aliyekuwa ameuteka mji, akanong'onezwa siri hiyo. Hakuchomoa upanga. Alisema tu mbele ya watu: sasa sisi ni ndugu, na tubadilishane vilemba. Almasi ikaenda Uajemi, ikaenda Kabul, ikaenda Lahore, hata Waingereza wakaichukua kwa mfalme aliyekuwa bado mtoto.

"Na yule wa Delhi alifanya nini?" akauliza Mwikali.

"Angefanyani, dada? Aliona haya."

"Si angesema tu! Hiyo ni yangu, naitaka."

Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Mwikali hakuwa mjinga hata kidogo, ila mafumbo ya Kuze hakuyazoea. Bi Shukri akaweka kikombe chini.

"Basi mimi naitaka pete yangu."

Mwikali akaivua papo hapo. Hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Nilienda nayo kanisani," akasema polepole. "Nikawaambia watu kwamba nimepata dada hapa Mombasa. Miaka yote hii sikuwa na mtu."

Pete ikarudi kidoleni pa mwenyewe. Bi Shukri akatafuta neno, katika maneno yake yote, asilipate hata moja. Akalia kwa haya, na Mwikali ndiye aliyehamia upande wake wa kochi kumbembeleza.